Sufuri Mbili Unazotaka Kuzifuta

Juzi msomaji mmoja anayechora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, aliniandikia: "Kaka, nifanyeje vipimo vyangu visionyeshe .00? Nimebadilisha kwenye UNITS, wapi!" Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Swali hilohilo liliwahi kunifedhehesha mbele ya watu.

Nianze na jibu. UNITS, amri ya mipangilio ya vizio, inatawala namba unazoziona unapochora; vipimo vilivyowekwa kwenye mchoro haviisikilizi. Vina mtindo wao. Fungua DIMSTYLE, yaani dirisha la mitindo ya vipimo, ingia Modify, kisha Primary Units, ubadilishe Precision, idadi ya desimali. Usikimbilie kuandika DIMDEC, mpangilio wa idadi ya desimali, kwenye mstari wa amri, maana itabadilisha vipimo vipya tu na vya zamani vitakutazama hivyohivyo. Na kipimo ulichowahi kukirekebisha kimoja kimoja hakifuati mtindo hata ukiubadilisha.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa kijana, nachora bamba la chuma lenye matundu saba kwa mstari mmoja, milimita 250 kutoka la kwanza hadi la mwisho. Nafasi sita, kila moja 41.667. Desimali zile ziliniudhi, mchoro ukaonekana mchafu, nikaweka desimali sufuri. Kila nafasi ikasomeka 42. Mchoro ukapendeza kweli! Fundi akapima kutoka tundu hadi tundu: 42 mara sita ni 252. Tundu la mwisho likakaa milimita mbili nje, bolti zikakataa, na mabamba yote yakawa chuma chakavu. Msimamizi akaniuliza kikaoni, mbele ya wote, kama nilisoma hesabu. Hadi leo nakumbuka nani alicheka.

Programu haikukosea. Ndani yake namba ilibaki 41.666 na kuendelea. Kilichofupishwa ni maandishi tu. Ila fundi hafungui faili, anasoma maandishi.

Kwa woga nikageukia upande wa pili, desimali tatu kila mahali, hata kwenye kona ya bamba isiyogusana na kitu. Jedwali letu kwenye kona ya mchoro lilisema desimali tatu maana yake kosa lisizidi 0.05. Karakana ikarudisha bei iliyonitoa jasho, na fundi akanipigia: "Mwanangu, hii kona unataka niipime kwa mikromita?" Huyo simsahau, yeye alinifundisha kwa upole.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wanachukulia desimali kama pambo. Kila tarakimu unayoandika ni ahadi unayomwekea mwenzako aitimize kwa mikono yake! Kwenye michoro ya inchi, 1.50 na 1.500 mara nyingi ni madai mawili tofauti, kwa sababu jedwali linahesabu tarakimu. Kwa milimita, kiwango cha Marekani cha michoro, ASME Y14.5, hakitaki sufuri za mwisho, na ISO 2768-1, kiwango cha kimataifa cha makosa yanayoruhusiwa, inaangalia ukubwa wa kipimo, si idadi ya desimali: daraja la kati linaruhusu ±0.3 kwa kipimo cha zaidi ya 30 hadi 120. Soma kwanza jedwali lako linasemaje. Kama linahesabu tarakimu, sufuri zako usiziguse.

Tena, usiandike namba kwa mkono juu ya kipimo ili kipendeze. Ukisogeza mstari, namba itabaki ikidanganya. Na matundu mengi yapime yote kutoka ukingo mmoja, au jumlisha mwenyewe kabla hujatuma. Jumlisha, nasema!

Wewe uliyeniandikia, mchoro wako ni wa milimita na jedwali lake halihesabu tarakimu. Una 250.00, lakini una pia 18.75 pale kwenye mkato. Ukiweka desimali sufuri itasomeka 19. Acha Precision kwenye mbili, halafu kwenye Zero Suppression, sehemu ya kuficha sufuri, tia alama Trailing, yaani za mwisho. 250 itasomeka 250, na 18.75 itabaki 18.75.