Muulize Mwalimu: Shahada ya chuo kishiriki, pesa za bumu na swali lililochekwa

Muhula umefunguliwa na barua zimefurika. Hapa Iringa vijana wanashuka na mabegi tangu alfajiri, na bajaji zimepandisha nauli bila kikao. Nimechagua barua tano. Nyingine nimezifupisha, hasa ile ya kurasa nne yenye aya ya mapenzi katikati. Aya hiyo niliisoma, kijana, ila jibu lake halichapishiki.

*Shikamoo Mwalimu. Nimepangiwa Mkwawa, shahada ya ualimu wa sayansi. Nyumbani walishangilia mpaka binamu yangu aliyesoma Mlimani aliposema, "Hicho ni chuo kishiriki tu, si chuo kikuu." Sasa baba ananiuliza kila jioni cheti changu kitaandikwaje. Nimjibu nini?*
*Mwaka wa kwanza, bado niko Sumbawanga*

Marahaba mwanangu. Mjibu baba kwamba cheti kitaandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile kile cha binamu. Chuo kishiriki ni sawa na mtoto aliyehamia kwa mjomba: analala huko, anakula huko, lakini ubini ni wa baba yake.

Mkwawa na mwenzake wa Chang'ombe, yaani DUCE, vilianzishwa mwaka 2005. Ilikuwa katikati ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zinafunguliwa kila kona na walimu wa kuziingia hawapo. Serikali haikusubiri kujenga upya. Chang'ombe palikuwa na chuo cha ualimu, na hapa Iringa palikuwa na sekondari ya Mkwawa, ambayo enzi za ukoloni ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu. Majengo yakakabidhiwa kazi mpya.

Binamu naye mwulize, kwa upole, Mlimani ilianzaje. Mwaka 1961 kilifunguliwa chuo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikisomesha sheria peke yake, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kilisimama chenyewe mwaka 1970. Kwa hiyo chuo anachojivunia nacho kilikaa kwa watu karibu miaka tisa. Halafu nacho kikazaa: kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Sokoine mwaka 1984, na Muhimbili na Ardhi, vilivyokuwa vishiriki vyake, vikapata uhuru mwaka 2007.

Tofauti zipo, sikudanganyi. Programu ni chache kuliko Mlimani. Ila ukifika, jitambulishe kwa wahadhiri wako mapema, maana chuo kidogo mtu anaweza kujulikana kwa jina kabla muhula haujaisha. Na beba sweta nzito. Sasa hivi utaliona mzigo, Juni utanishukuru.

*Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu yuko mwaka wa pili. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limeingia juzi tu, leo ananiomba pesa ya kula. Nikimwuliza zimekwenda wapi anasema vitabu. Kwenye picha nimemwona na simu mpya. Nifanyeje?*
*Mama mzazi, Makambako*

Mama mwenzangu, kitabu umekiona, kina kamera tatu.

Kwa anayepewa kiwango kamili, Bodi ya Mikopo huhesabu shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Ilikuwa 8,500, ikapandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Fungu la vitabu na viandikio ni jingine kabisa. Taabu ni kwamba hela ya siku nyingi inaingia kwa mkupuo, kijana ambaye hajawahi kushika laki tatu anaziona zote kwa pamoja, na marafiki wanaziona pia.

Usimtumie fedha. Mtumie unga na maharage kwa basi. Kutoka Makambako hadi huku si mbali. Bumu lijalo, siku hiyo hiyo alipe kodi ya geto ya muhula mzima na akuonyeshe risiti. Mkumbushe pia kwamba ule ni mkopo. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na atakuwa bado anakatwa wakati simu yenyewe imeshakufa.

*Mwalimu, nilishika supu mbili mwaka wa kwanza, yaani mitihani ya kurudia. Septemba nimezifanya na zote nimefaulu. Wenzangu wananiambia fest klasi, daraja la kwanza la shahada, nimeshaiaga. Ni kweli?*
*Mwaka wa pili, mwenye huzuni*

Tupige hesabu, huzuni baadaye. Vyuo vyetu vingi vinampa aliyefaulu supu alama C hata angepata tisini, nayo C ya chini kabisa ni pointi 2. Fest klasi inaanzia wastani wa pointi, yaani GPA, wa 4.4 kati ya 5. Tuseme shahada yako ina kozi 36 zenye uzito sawa. Mbili zina 2. Ili ufikie 4.4 unahitaji wastani wa kama 4.54 katika zile 34 zilizobaki, zikiwemo ulizofanya mwaka jana. Chukua matokeo yako, weka namba halisi na uzito halisi wa kila kozi, uone mlima una urefu gani. Kwa wengi utakuwa mrefu mno, na apa sekondi, daraja linalofuata, ni shahada ya heshima. Kwa wachache unapandika. Hao wanaokutangazia msiba hawajashika kalamu.

Soma na kanuni za mitihani za chuo chako, zile ambazo wote mnapewa wiki ya kwanza na hakuna anayezifungua.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma fizikia na hisabati, chuo sitakitaja. Wiki ya kwanza mhadhiri alisema msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Nikanyoosha mkono nikauliza: mbona magari ya mashindano yanafungwa matairi mapana? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhadhiri akasema tuendelee, muda hautoshi. Tangu siku hiyo naitwa Matairi, hata kantini. Nimeapa siulizi tena.*
*Matairi, mwaka wa kwanza*

Marahaba, Matairi. Nakuita hivyo makusudi. Jina la utani likipokelewa na mwenyewe linakosa meno.

Kwanza swali lako. Kanuni uliyofundishwa ni makadirio yanayofaa kwa vitu vigumu na vikavu, mbao juu ya mbao, chuma juu ya chuma. Mpira wa tairi si kitu cha namna hiyo. Unabonyea, unaingia kwenye vinundu vya lami, unanata, na mshiko wake hauongezeki sawia na uzito unaoukandamiza. Tairi pana hugawa mzigo na joto kwenye mpira mwingi zaidi, ndiyo maana linaweza kutengenezwa kwa mpira laini unaoshika vizuri bila kulika upesi. Kwa hiyo uligusa pale hasa kanuni inapoishia. Waliocheka walikuwa wanaandika bila kusikiliza.

Sasa nikupe habari ya mtu aliyesoma hapa Iringa, na nitaisimulia kwa kirefu kwa sababu kila mwaka nakuta wanafunzi wa fizikia wasioijua.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye akatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Walipofungua baadaye, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: ulichanganyikiwa, haiwezekani.

Likizo alikutana na wauza aiskrimu wa Tanga, wakamwambia wao huanza na mchanganyiko wa moto kwa kuwa huganda upesi. Yaani jambo lilijulikana sokoni, darasani likakataliwa.

Akaja sekondari ya Mkwawa kwa masomo ya juu. Siku wanafundishwa sheria ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata wimbo. Akikosea hesabu, wanasema ni hisabati ya Mpemba. Unaona, Matairi, wewe si wa kwanza.

Hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili, vile vikombe vya maabara, moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Baada ya saa moja ile ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu zaidi.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Maswali yalipofunguliwa, Mpemba akasimama na lile lile. Wenzake wakacheka, bila shaka. Osborne mwenyewe hakuamini, lakini alipofika Dar alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Huwa nacheka kila nikifika hapo. Wakarudia, jibu likabaki lile lile.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa Mweka, chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Jambo lile sasa linaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Nikuongezee na upande wa pili, usije ukaisimulia kama hadithi ya mshindi. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana. Wapo wanaotaja uvukizi, wapo wanaotaja mizunguko ya maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka, au maji kupoa chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuliona. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha kitu cha aina hiyo kwa chembe ndogo zinazoelea ndani ya maji. Mpemba aliuliza kwa nini, na bado watu wazima wenye mashine za bei mbaya wanatafuta.

Nenda kwa mhadhiri wako ofisini, saa zake za kuonana na wanafunzi, ukiwa na swali umeliandika. Ukumbini ana watu mia tatu na saa inamkimbiza. Mezani kwake ni mtu mwingine. Kama naye hana jibu, omba ruhusa ya maabara: kipande cha mpira, kipande cha mbao, mizani ya springi. Alichohitaji Mpemba kilikuwa bika mbili na mlango uliosahauliwa wazi.

*Mwalimu, mimi ni katibu wa habari wa serikali ya wanafunzi. Kila muhula ukianza tunatoa kijarida cha Habari na Mafanikio. Tunaandika wenye GPA kubwa, wageni waliotutembelea, mikataba iliyosainiwa na timu ya mpira wa pete. Tunachapa nakala nyingi. Nyingi zinaishia kufungia vitumbua. Tunakosea wapi?*
*Katibu, chuo kishiriki*

Nilimaliza barua ya Matairi nikakutana na yako, nikaona zinajibiana. Kijarida chako kingekuwapo siku ile Mkwawa, kingeandika: "Mhadhiri kutoka Dar es Salaam atutembelea, apongeza mazingira ya shule." Swali la Mpemba lisingeingia, maana lilichekwa.

Kwa hiyo tafuta kilichotokea baada ya hotuba. Mwaka wa pili na wa tatu wametoka mazoezi ya kufundisha. Huko wamekutana na madarasa ya watoto wengi kuliko madawati, na maabara zisizo na kitu. Nani alifundisha umeme kwa betri za redio? Nani alikuta shule haina mwalimu wa hisabati kabisa, akafundisha vidato vyote? Mwombe aeleze alivyofanya, kwa kina, hata kama inachukua ukurasa mzima. Mwalimu mwenzake atakikata kipande hicho na kukitunza.

Wenye GPA kubwa waandike, wamestahili. Lakini usiishie kwenye namba. Uliza mradi wake ulihusu nini na umeonyesha nini, kwa sentensi ambazo mpishi wa kantini atazielewa. Mkataba uliosainiwa, andika utafanya nini muhula huu. Kama hujui, mwulize mkuu wa idara, na kama naye hajui, hiyo nayo ni habari, ingawa sikushauri uanze nayo.

Na mafundi wa maabara waandike kwa majina. Yule wa Dar aliyepima maji kwa mara ya kwanza, Osborne alimtaja kwa kazi yake tu. Chuoni kwenu yupo mtu anayepanga vifaa kabla hamjaamka, yupo mkutubi anayejua kitabu kimoja kilichobaki kiko kwa nani. Kaa nao nusu saa, ukiwa na daftari.

Picha ya mgeni rasmi anakata utepe iweke ukurasa wa mwisho, ndogo. Akilalamika, mwambie Mwalimu ndiye aliyesema. Na toleo likitoka nitumie nakala, isiyo na mafuta ya vitumbua.