Re: Nimuuzie nani besi yangu isiyo na freti?

Mkuu, umeuliza kama umuuzie yule mpenzi wa besi aliyekupigia simu kutoka mkoani au uipeleke dukani. Muuzie yeye. Dukani watakukadiria bei ya chini kwa sababu wanunuzi wa gitaa la besi lisilo na freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ni wachache, lakini aliyeitafuta anajua thamani ya ile sauti inayoteleza kati ya noti na noti. Tangu Jaco Pastorius, mpiga besi isiyo na freti kutoka Marekani, atoe albamu yake ya kwanza mwaka 1976, watu wa sauti hiyo huwa hawabahatishi.

Piga picha za ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unapobonyezea nyuzi, kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni, michirizi yote ionekane. Hapo ndipo atakapotazama kwanza, na ana haki: nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo hula mbao taratibu, wakati zile za waya bapa huutunza ubao. Mwambie wazi umetumia zipi. Kisha mrekodie kila uzi ukiupiga polepole kutoka mwanzo wa shingo hadi mwisho, bila madoido yoyote ya amplifaya. Palipolika patasikika.

Bei msifunge kabla hajaishika, akiweza kuja. Ikibidi kuisafirisha, legeza nyuzi kidogo tu, uiweke kwenye kasha gumu na kuitegemeza shingo kwa kitambaa kizito.

Na kwa kuwa unaipenda hivyo, mwombe akuulize wewe kwanza siku akitaka kuiuza. Mpenzi wa kweli wa besi atakuelewa.