Usukani unavuta kushoto, kiraka kimeng'oka tena: majibu kwa madereva wa Tanga

Mvua za masika zikikolea, barua zinazotufikia ni za mashimo tu. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

Nilikuwa natoka Muheza usiku na gari langu, Toyota IST, tairi la mbele kushoto likaingia shimoni. Sasa nikifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka, na nikiuachia gari linavuta kushoto. Fundi anasema nifanye alaimenti tu. Ni kweli?

Alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo wa matairi, utafanya, lakini mwisho. Ukianza nayo kabla ya kubadilisha kilicholegea, utailipia mara mbili.

Hapo una dalili mbili, na kila moja ina chanzo chake. Kutetemeka kwenye mwendo fulani mara nyingi ni rimu iliyopinda au balansi iliyopotea. Kuvuta upande ni upepo usiolingana, tairodi (fimbo inayogeuza tairi) iliyopinda, au mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu) uliosogea kwenye bushi zake, yaani raba za maungio. Na kabla hujaingia gharama, jaribu gari mahali tambarare kabisa: barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari zima huteleza kushoto kidogo.

Kisha lipige jeki kwenye sakafu ngumu, handibreki juu, jiwe nyuma ya matairi ya nyuma, na stendi chini ya chasisi. Usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena: mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi, kiungo kinachobeba gurudumu. Halafu shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, angalia tairodi endi, yaani ncha ya tairodi, kwanza.

Lizungushe tairi huku umeegemeza kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kugusa. Nafasi ikifunguka na kufunga, rimu imepinda. Ya chuma hunyooshwa. Ya aloi ikiwa na ufa, achana na habari za kuchomea, tafuta nyingine.

Mwisho pitisha kiganja ukutani mwa tairi, hasa upande wa ndani usioonekana. Ukikuta nundu, hata ndogo kama nusu ya ndimu, nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna kiraka cha kuiponya, na tairi hilo halifai hata kuwa spea. Likipasuka kwenye mteremko wa kwenda Segera huku umejaza abiria, hutapata muda wa kujuta.

Wenzangu wa kijiweni wananishauri nipunguze upepo ili gari liwe laini kwenye mashimo. Nifanye hivyo?

Usifanye hivyo. Tairi lenye upepo pungufu hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nalo hukatika ukutani. Fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huwa kati ya psi 30 na 35. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda na utadhani upepo unatosha.

Shimo la karibu na kwetu limezibwa kwa lami mwaka jana na mwaka huu, na mvua ikinyesha linarudi. Wanatumia lami mbovu?

Inawezekana, lakini mara nyingi lami inasingiziwa. Mwenye kosa ni maji.

Barabara ya lami ni ngozi nyembamba juu ya tabaka la kokoto lililoshindiliwa, na nguvu yote iko kwenye hilo tabaka. Ngozi ikipata ufa, maji huingia. Lori likipita, maji husukumwa kwa nguvu na kutoka na udongo laini. Ndiyo maana pembeni mwa nyufa huonekana tope jeupe au jekundu lililotapikwa. Chini panabaki pengo, na siku moja ngozi inadidimia. Kwa hiyo anayejaza shimo bila kujali mtaro uliozibwa na nyasi anafunika tu kidonda chenye usaha.

Kiraka kinachodumu hukatwa kwanza: mraba au mstatili, kuta zikiwa wima, hadi kuvuka sehemu yote iliyolegea. Tope na maji hutolewa mpaka chini pawe pagumu na pakavu, kisha hushindiliwa. Sakafu na kuta hupakwa lami nyepesi ya kugandisha. Lami ya moto huwekwa kwa tabaka za sentimita 5 hadi 7, kila moja ikishindiliwa kabla haijapoa, na uso huachwa juu ya barabara kwa milimita 5 hivi kwa sababu magari yataukandamiza. Mshono huzibwa pembeni.

Linganisha na unachokiona mtaani: koleo mbili juu ya dimbwi, kupiga kwa mgongo wa koleo, gari linaondoka. Hicho hakifiki mwisho wa mvua.

Uzito nao una mkono wake. Kanuni ya wahandisi ni kwamba ukiongeza mzigo wa ekseli moja mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana kuna mizani ya kupimia malori barabarani, na ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kwenye barabara inayobeba saruji kutoka kiwanda cha Pongwe, kila tani ya ziada inalipwa na bushi zako.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa wa Mikanjuni, na barabara yetu ni ya udongo. Tunachanga tunajaza kifusi, mvua inakibeba. Tunakosea wapi?

Mwenyekiti, kwanza mjulisheni mtendaji wa mtaa, na barabara yenye lami msiiguse. Kwa ya udongo, kosa la kwanza ni kumwaga kifusi ndani ya maji. Fungueni kijifereji, maji yatoke. Chimbeni tope lote, kingo zisimame wima.

Tumieni changarawe au kifusi cha mawe ya matumbawe kilichovunjwavunjwa, chenye udongo kidogo wa kushika. Mfinyanzi mtupu utakuwa utelezi, mchanga mtupu utaondoka, na mawe makubwa ya kichwa yatang'olewa na matairi. Lowesheni kiasi: finya konzi moja mkononi, ikishikamana bila kudondosha maji, imefika. Wekeni tabaka la sentimita 10 hadi 15, shindilieni mpaka kisigino kisiache alama, ndipo muweke lingine. Malizieni juu ya barabara kwa sentimita 2 au 3.

Kwa hesabu: shimo la mita moja kwa moja lenye kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 0.2. Kifusi kikishindiliwa hupungua, hivyo ongezeni robo au zaidi. Toroli la lita 60 litaenda mara nne au tano. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kati ya kifusi na kuzibua mtaro, zibueni mtaro.

Nikaripoti wapi? Na bima itanilipa rimu?

Barabara kuu na za mkoa, kama Segera–Tanga, Tanga–Horohoro na Tanga–Pangani, ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za mitaani na vijijini, kama hizo za Ngamiani na Makorora, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Usiandike "barabara mbovu". Taja nguzo ya kilomita iliyo karibu, upande wa kuelekea wapi, upana na kina, na picha yenye kitu cha kulinganishia kama chupa ya maji. Barua ya namna hiyo fundi wao anaweza kwenda nayo moja kwa moja.

Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, haikulipi uharibifu wa gari lako. Ya kubwa, soma mkataba: nyingi huacha matairi nje kama gari lenyewe halikuharibika, na zina kiasi unachobeba mwenyewe.

Nikiona shimo limeshanikaribia, nikanyage breki mpaka mwisho?

Dada, kanyaga mapema, kisha achia breki kabla tairi halijaingia. Breki ikiwa imekamatwa, pua ya gari huinama, springi za mbele zimeshabanwa, na kipigo chote kinaenda kwenye rimu na shokapu. Usukani uwe umenyooka, na usiruke upande wa basi linalokuja. Shimo lililojaa maji lichukulie kuwa lina kina kirefu, hata kama jana lilikuwa dogo.