Mikunjo ya gauni la satini inalala kwa sababu ya kukosa bitana, siyo uchache wa kitambaa

Mleta mada, nimesoma uzi wako na majibu yote. Kwa wanaoingia sasa: mteja kamletea picha ya gauni la sendofu la satini, shingo inamwagika kifuani, na kiunoni mikunjo inakusanyika ubavu mmoja. Kakata kwa vipimo kama siku zote, kaongeza kitambaa, na mikunjo imelala kama nguo iliyotoka kwenye begi. Anauliza kama ni lazima anunue mdoli na ajifunze kukatia juu yake.

Mliomwambia aongeze kitambaa tena, hapo tunapishana. Kitambaa kikizidi bila kitu cha kukishika kinashuka chote kwenye nyonga, na bibi harusi mtarajiwa anaonekana kanenepa ghafla. Gauni la kwenye picha ile ni magauni mawili. La ndani ni bitana iliyobana mwili, ina dati zake zote (vikunjo vilivyoshonwa ili nguo ifuate umbo la mwili) na inaweza kuvaliwa peke yake. La nje ni satini iliyolazwa juu ya hiyo bitana na kushikizwa kwa mkono sehemu ambazo jicho halifiki. Wewe umeshona moja.

Kwa hiyo anza na bitana. Ishone, mvalishe mteja, ibane mpaka mridhike wote wawili. Ndipo umvalishe mdoli. Na mdoli siyo lazima uwe wa bei mbaya. Ile ya plastiki ya kuonyeshea nguo madukani inafaa ukiizungushia sponji nyembamba na kuivisha marekani (kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi) iliyobana, maana pini haziingii kwenye plastiki. Jaza sponji mpaka kifua, kiuno na nyonga vifikie vipimo vya mteja. Midoli mingi ya dukani haina nyonga za dada zetu, hilo kila fundi analijua.

Sasa shingo. Kitambaa kina nyuzi za urefu, zinazokwenda sambamba na ukingo wake, na nyuzi za upana. Kivute kufuata urefu, hakiendi. Kivute kona kwa kona, kinanyumbuka. Shingo inayomwagika inatoka kwenye huo mshazari, yaani pembe ya digrii 45 kutoka ukingoni. Ukiikata kufuata urefu, inasimama kama kadi.

Fanya kwanza kwa marekani nyepesi, halafu rudia kwa kipande cha bei rahisi kinachoteleza kama satini yako, kwa sababu marekani itakudanganya kuhusu mwanguko. Chukua kipande cha mraba, kishike kwa mshazari, kunja kona ya juu kwa ndani kiasi cha kiganja ili shingo ijifunike yenyewe. Piga pini bega moja. Bega la pili usipige bado: sogeza kitambaa ndani kuelekea shingoni huku ukiangalia kifua, uone wimbi linavyozama. Ukisogeza kidogo tu, shingo inashuka sana. Likifika kina anachotaka mteja, piga pini. Wimbi la pili na la tatu utayapata kwa kukunja kitambaa pale pale begani, mkunjo juu ya mkunjo, siyo kwa kuvuta kifuani. Chora chaki kwenye mabega, makwapa na ubavu, toa pini, laza mezani, nyoosha mistari kwa rula, hamishia kwenye karatasi. Hiyo karatasi itunze, utaitumia kwa wateja wengi.

Kiunoni ni kazi ya vidole. Anzia ubavu usio na mikunjo, piga pini kuanzia kwapani hadi nyongani, kisha vuta kitambaa kuelekea ubavu wa pili. Inua mkunjo kwa vidole viwili, ulaze ukitazama juu kidogo, piga pini kwenye akiba ya mshono tu. Satini ikitobolewa katikati tundu halifutiki. Usiipange kwa rula. Mikunjo iliyolingana sana inaonekana ya mashine. Mmoja uwe mnene, unaofuata mwembamba, mwingine ufe kabla ya kufika katikati ya tumbo. Ukiridhika, piga bandi (mshono wa muda wa kushikizia) ubavuni, halafu ingia chini ya kila mkunjo na sindano ya mkono, ushike bitana na mgongo wa mkunjo kwa uzi uliolegea. Ukikaza uzi, nje kunatokea kishimo. Pasi usiiguse hapo. Mvuke kwa mbali unatosha.

Aliyeuliza kuhusu kitenge: kile kigumu, hata ukikifua kutoa wanga, mikunjo yake inasimama. Kitumie kwa marinda, peplamu (kile kipande kinachochanua kuanzia kiunoni) na mafundo makubwa begani. Ukitaka kumwagika, tafuta krepu au satini laini.

Kuhusu kujifunza, usisubiri kozi. Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912 na kujulikana kwa magauni ya mshazari, alikuwa akijaribu mitindo yake kwenye mdoli mdogo wa mbao kabla ya kukata gauni kamili. Nawe unaweza kujaza kamdoli ka nusu kimo na kumalizia vipande vyako vya mabaki hapo. Ila jiandae: mshazari unakula kitambaa, na yeye mwenyewe alikuwa akifumiwa vitambaa vipana zaidi kwa ajili hiyo. Mpigie mteja hesabu ya mita kabla hajaenda Kariakoo, na kazi ya mkono mtajie bei yake pembeni.

La mwisho, usikunje pindo la chini siku hiyo hiyo. Litundike gauni usiku kucha, sehemu za mshazari zishuke zinavyotaka, ndipo upime kutoka sakafuni mteja akiwa amevaa viatu vya siku yenyewe. Bado ikikusumbua, weka picha ya gauni likiwa limegeuzwa ndani nje. Ya mbele haitatusaidia.