Mwanasayansi Aliyevaa Joho: Je, Ninamdanganya Mwanangu?

SWALI: Mhariri mpendwa, nina mtoto wa kiume wa miaka 8, yuko darasa la tatu, na mapenzi yake yote yako kwa mashujaa wa katuni wanaoruka angani na kupasua kuta. Nilipoona hivyo, nilikata maboksi ya sabuni nikamtengenezea kadi za wanasayansi wa kweli, kila mmoja akiwa na joho, kinyago na nguvu zake za ajabu. Marie Curie, kwa mfano, nilimchora akitoa miale ya kijani mikononi. Mtoto alifurahi sana, lakini juzi aliniuliza, "Mama, hiyo miale alizaliwa nayo?" Nikakosa la kumjibu. Baba yake naye anasema ninamjaza mtoto uongo. Je, niendelee au niache?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mama mpendwa, usiache kazi hiyo. Mtoto wa umri huo hujifunza sana kwa kujifanya, na kumvika mwanasayansi joho si uongo, maana mwanao anajua vyema kwamba joho ni la mchezo. Uongo huingia pale nguvu unazompa shujaa zinapokuwa si zake, na hapo ndipo swali la mwanao limegusa penyewe. Mashujaa wengi wa katuni huzaliwa na nguvu zao au huzipata kwa ajali, ilhali mwanasayansi huzipata kwa kuuliza, kujaribu, kukosea na kurudia. Mtoto asipooneshwa hayo, ataamini kwamba sayansi ni ya watu wachache waliojaliwa akili za pekee.

Tuanze na huyo Marie Curie. Miale uliyomchorea haikuwa silaha yake bali ilimdhuru, na mwaka 1934 aliaga dunia kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi bila kinga kwa miaka mingi. Nguvu zake zilikuwa kwingine. Katika banda bovu lililovuja mvua mjini Paris, yeye na mumewe Pierre walichakata mawe ya madini kwa tani, naye Marie alisimama kutwa akikoroga chungu kinachochemka kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake, hadi mwaka 1902 walipopata takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu, elementi inayotoa mionzi. Futa miale, umpe fimbo ile. Mtoto aliyewahi kuona akina mama wakisonga ugali wa shughuli ataelewa mara moja.

Kadi ambayo nisingependa ikosekane ni ya Erasto Mpemba wetu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friza aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, huku ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa yakiwa bado majimaji mazito. Alipomuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Profesa Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu jijini Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Lakini Osborne alirudi akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Nguvu ya shujaa huyu ni kuuliza tena baada ya kuchekwa, na sioni kwa nini isichorwe kubwa kuliko joho lake.

Usiogope kuonesha mahangaiko. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu wanafunzi 402 wa sekondari mjini New York: waliosoma jinsi wanasayansi kama Einstein na Curie walivyohangaika walipata alama bora za sayansi kuliko waliosoma mafanikio yao tu, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa nyuma darasani.

Baba yake mpe kazi ya uhakiki: kila nguvu inayoandikwa kwenye kadi, yeye athibitishe kwamba mhusika alilifanya jambo hilo kweli. Kisha siku moja mwekeeni mtoto vikombe viwili vya plastiki kwenye friza, kimoja kina maji ya moto na kingine ya baridi, kwa kipimo kimoja. Ya moto umimine wewe. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana kama kweli maji ya moto hutangulia kuganda, hivyo jibu msilijue kabla. Nyuma ya kadi ya Mpemba, mwanao aandike kila saa aliyochungulia na alichokiona, hata kama maji ya baridi ndiyo yatakayotangulia kuganda.