Kituo cha karibu si lazima kikufae

Mtu akinijia nimsaidie kukadiria maji ambayo mazao yake yatahitaji, mara nyingi kituo cha hali ya hewa ameshakichagua. Ametazama ramani, ameona kilicho jirani zaidi na shamba, akachukua takwimu zake. Mimi humuuliza jambo ambalo ramani haionyeshi: pale vipimo viliposimama, chini kuna nini? Nyasi mbichi, udongo mtupu au lami?

Nauliza hivyo kwa sababu ya hesabu yenyewe ilivyotungwa. Wengi wetu tunatumia fomula ya Penman-Monteith kama FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilivyoieleza mwaka 1998 katika mwongozo wake namba 56. Inachukua joto, unyevu wa hewa, upepo na mionzi ya jua, kisha inatoa kiasi cha maji kinachopotea kwa siku kutoka kwenye nyasi za rejea, yaani nyasi za sentimita 12 zilizofunika ardhi yote na zisizokosa maji. Kiasi hicho ndicho unachokizidisha kwa kizidisho cha zao lako, yaani namba inayolinganisha matumizi ya maji ya zao hilo na ya nyasi za rejea. Sasa, juu ya nyasi zilizoshiba maji hewa huwa na ubaridi kidogo na unyevu zaidi, maana sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kugeuza maji kuwa mvuke badala ya kuipasha ardhi moto. Kituo kikiwa kwenye ukame, kinapima hewa ya ukame. Fomula haina njia ya kulijua hilo. Itapokea joto la juu na unyevu mdogo, na itakuambia zao linataka maji mengi kuliko linavyotaka kweli.

Pengine mtu ataona tofauti ya milimita 1 kwa siku ni ndogo. Milimita 1 juu ya hekta moja ni mita 10 za ujazo. Kwa msimu wa siku 100 hizo ni mita 1,000 za ujazo kwa kila hekta, maji yaliyosukumwa kwa pampu bure, yakaondoka na mbolea, huku mkulima wa mwisho wa mfereji akingoja zamu yake.

Vituo vya viwanja vya ndege navitumia kwa tahadhari. Vinatunzwa na vina kumbukumbu za miaka mingi, ila viliwekwa kwa ajili ya marubani. Upepo unapimwa mita 10 kutoka ardhini ilhali fomula inataka mita 2. Hilo lina dawa: zidisha kwa 0.748, hivyo upepo wa mita 4 kwa sekunde unakuwa kama mita 3. Lami na nyasi zilizokauka hazina kizidisho cha namna hiyo. Mfumo wa CIMIS wa California, ulioanzishwa mwaka 1982, ulijengwa kwa ajili ya umwagiliaji, na vituo vyake vingi vimewekwa juu ya nyasi zinazomwagiliwa. Palipo na mtandao wa aina hiyo, nitaanzia hapo hata kama kituo kiko mbali zaidi.

Usipoweza kwenda kukiona kituo, takwimu zake zitakusimulia mengi. Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kulinganisha joto la chini kabisa la siku na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke ulio hewani huanza kuwa matone. Mahali penye mimea iliyoshiba maji, viwili hivi hukaribiana alfajiri, mara nyingi ndani ya nyuzi 2 au 3. Vikiachana sana msimu mzima, huku mashamba ya eneo hilo yakimwagiliwa, nashuku kwamba kituo kiko pakavu au kipimo cha unyevu kimechoka. Lakini usiharakishe kuhukumu: upepo mkali wa usiku huvitenganisha pia, na nchi kame kabla ya umwagiliaji kuanza ina haki ya kuonyesha ukame.

Mionzi ya jua nayo ina mpaka wake. Siku isiyo na wingu, kiasi kinachofika ardhini karibu na usawa wa bahari ni takriban asilimia 75 ya kile kinachofika juu ya angahewa, na hupanda kidogo kadiri unavyopanda mlima. Chora mstari wa mpaka huo kwa mwaka mzima. Siku nyeupe zinapaswa kuugusa. Zikibaki chini yake miezi yote, kipimo huenda kina vumbi au kimeinama. Upepo unaopungua mwaka hadi mwaka bila sababu huashiria kifaa kinachokwama, au miti iliyokua jirani.

Baada ya hapo ndipo naangalia umbali, pamoja na mwinuko. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kituo cha kilomita chache kilicho juu ya mteremko kinaweza kulisemea vibaya shamba la bondeni. Pwani pia si sawa na bara. Nachagua kituo cha mbali kilicho kwenye bonde lile lile, chenye upepo ule ule, kabla ya cha karibu kilicho ng'ambo ya kilima.

Mvua ni habari nyingine kabisa. Inaweza kunyesha shamba hili ikaliacha la pili, wakati joto na mionzi hubadilika polepole kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo tumia kituo cha mbali kwa hesabu ya uvukizi, na mvua uipime mwenyewe kwa kipimamvua kilichosimama shambani, mbali na miti.

Ukibaki na vituo viwili, kimoja kizuri na kimoja kibovu, usichukue wastani wao. Tumia kile kizuri peke yake. Vyote vikiwa na kasoro, mwongozo wa FAO una njia ya kurekebisha joto na unyevu wa vituo vya pakavu. Mionzi ikiwa ndiyo yenye kasoro, kadirio linaloweza kupatikana kutokana na tofauti ya joto la juu na la chini ni afadhali kuliko namba za kifaa kibovu. Na uchunguzi huu urudie kila msimu, kwa sababu nyasi za kituo hukatiwa maji bila mtumiaji yeyote wa takwimu kuarifiwa.