Niliacha mkorogo, siku ya tano uso ukawaka. Nifanyeje?

SWALI: Nina miaka 29, nimepaka mkorogo miaka minne. Juzi nikasema basi, nataka rangi yangu. Siku ya tano uso ukavimba, ukawasha mpaka sikulala, nikaurudia. Vifundo vya vidole navyo vimebaki vyeusi. Je, ngozi yangu imeshazoea, haiwezi tena? Na watu wakisema nimefubaa?

JIBU: Dada, si kwamba huna msimamo. Kilichokurudisha kwenye kopo ni steroidi, mara nyingi klobetasoli au betamethasoni. Dawa hizi hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe. Ukizikatisha ghafla baada ya miaka, mishipa hutanuka na ngozi huwaka. Ukipaka tena inatulia, basi mtu anadhani krimu ndiyo inayomtunza.

Tatizo ni kwamba mkorogo huweza kuwa pia na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na zebaki, na huwezi kuvitambua kwa macho wala harufu. Steroidi hupunguzwa taratibu. Zebaki huachwa leo hii, kwa sababu huharibu figo na hushika hata taulo anazotumia mtoto. Kwa hiyo usipunguze mkorogo wenyewe siku baada ya siku, kama wengi wanavyoshauriana. Funga makopo kwenye mfuko, usiyachome moto, nenda nayo kliniki ya ngozi (Muhimbili ipo, KCMC Moshi ipo). Daktari atakupa steroidi inayojulikana, dhaifu zaidi, na ratiba ya kuishusha. Mwombe pia kipimo cha mkojo na figo. Ukipata kizunguzungu, kutapika au uchovu usio wa kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo: steroidi kali ikipakwa mwili mzima huweza kulaza tezi zilizo juu ya figo.

Kwa sasa osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha vaselini ya kawaida. Ndimu, skrabu na magadi, hapana. Mafuta ya kukinga jua SPF 30 au zaidi: michirizi miwili yenye urefu wa vidole kwa uso na shingo, urudie kila saa mbili ukiwa juani. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, uliyoizuia ndiyo iliyokuwa kinga yako.

Vifundo vina ngozi nene yenye mikunjo, krimu haivifikii sawasawa. Mwili ukirudi rangi, tofauti itapungua. Lakini ukiona madoa ya kibluu-cheusi kwenye mashavu, hayo mara nyingi ni ya haidrokwinoni na huondoka kwa shida. Kuongeza krimu huyazidisha.

Rangi hurudi kwa miezi, tena kwa mabaka, na wiki za mwanzo ndizo za maneno. Andaa jibu moja fupi, “Nimeacha krimu,” usilifafanue. Usijikague kwenye kioo kila asubuhi. Piga picha moja kwa mwezi, dirisha lilelile, bila filta. Ukiwa na harusi katikati ya safari hii, mwambie mpambaji alinganishe fondesheni na kifua chako, si na picha yako ya mwaka jana.